Nimeona

Siku hizi kila mzazi ameunganishwa na mtandao wa familia. Akipata shida, kengele hulia jikoni kwa mwanawe. Tunu, ambaye kazini huzima kengele za mitambo mia kwa siku, alikuwa akisukuma chapati Jumapili ilipolia. Kwenye skrini ya ukutani paliandikwa: "Mama: mawasiliano hafifu." Akabonyeza kitufe cha "Nimeona" kwa kiwiko.

Ijumaa mumewe, Kibwana, aliuliza, "Mama anaendeleaje? Yuko kimya."

"Hajambo. Angeumwa, kengele ingelia."

Kibwana akafungua kumbukumbu ukutani, akasoma polepole. "Jumatatu: Mama ameanguka. Jumanne: Mama anaita. Jumatano: Mama ameacha kuita. Siku zote tatu kengele haikupigwa tena, binti ameshaona."

Tunu alikitazama kitufe. Unga wa kiwiko chake ulikuwa bado umeganda pale.