Salamu ya Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi, jarida la walimu wa watoto wanaochelewa kusema liliingia kwenye baruapepe ya Mwalimu Kidawa. Lilianza vilevile siku zote: "Habari Mwalimu Kidawa?" Pale shuleni hakuna mwingine aliyemuuliza hivyo, maana darasa lake lilikuwa nyuma ya stoo, na wenzake hawakuwa na la kuwapeleka huko. Naye, kwa kuwa salamu haiachwi hewani, alijibu kila mara: "Nzuri, za huko?" Hakuwahi kujibiwa.

Leo jarida lilimwelekeza ashike kitu anachokitaka mtoto, kisha anyamaze kabisa, mpaka mtoto aombe mwenyewe.

Saa ya uji akashika kikombe cha uji mbele ya Mwanaheri, binti wa miaka minne asiyewahi kutamka neno. Mwalimu akajizuia kusema. Mtoto akakitazama kikombe, akamtazama yeye usoni, na midomo yake ikaanza kufunguka, ikitetemeka.

"Si umpe tu, mwalimu!" Alikuwa shangazi wa Mwanaheri, amesimama mlangoni, amekuja kumchukua mapema. "Huyo hasemi. Unamtesa bure."

Midomo ikafungika. Mtoto akapewa uji, akanywa nusu, wakaenda zao.

Mwalimu Kidawa akaketi kwenye kiti kifupi cha watoto, akalijibu jarida kwenye simu: "Nzuri. Leo nusura aseme." Akatuma. Kisha akaiweka simu mezani, kando ya kikombe, akanyamaza kama alivyofundishwa, akiitazama.