Maua ya Mpapai Dume

Kipupwe kilipoingia, Bi Zuwena alishikwa na kikohozi kilichomnyima usingizi. Jirani yake, Mwanahawa, akamwita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Shoga, mbona wajitesa? Dawa si unayo uani?"

Kweli alikuwa nayo. Kila mwaka alichuma maua ya mpapai dume, akayaanika kivulini juu ya ungo, akamchemshia mumewe, Shaali, aliyekuwa mgonjwa wa kifua. Mwaka huu Shaali alikuwa kaburini, na maua yalikuwa yakipukutika tu, hayana wa kuyachuma.

Alichuma kiasi cha kiganja, akayatia sufuriani. Nyumba ikajaa harufu aliyoizoea. Akamimina kikombe, akapiga funda. Tangu aanze kuipika dawa ile, hakuwahi kuionja.

Ilikuwa chungu kama shubiri. Machozi yakamlengalenga, akakimbilia mlangoni kutema, kisha akasimama ghafla, kinywa kimejaa. Miaka yote ile alikuwa akimuuliza mumewe, "Ikoje?" Naye Shaali humaliza kikombe chote, akajifuta midomo na kumjibu, "Tamu, mke wangu. Mkono wako hauna mfano."

Bi Zuwena akameza.

"Vipi, inanyweka?" Mwanahawa aliuliza.

Bi Zuwena aliketi kizingitini, akakishika kikombe kwa viganja viwili.

"Chungu, shoga," akasema hatimaye. "Chungu mno."

Akapiga funda la pili, polepole, mvuke ukimfunika uso.