Swichi Tatu za Mzee Tavita

Baragumu la sala ya jioni lilipolia, mzee Tavita alizima majokofu yote matatu ya samaki.

“Mbona unazima?” Lupe alishangaa. Yeye ndiye fundi aliyetoka mjini Apia kuchunguza kwa nini transfoma, inayotosha kabisa kwa hesabu, huunguza fyuzi kila jioni na samaki kuoza.

“Watu wanasali, binti. Haya yaendelee kunguruma tu?”

Lupe akaweka kiganja juu ya bati la transfoma.

Baragumu likalia tena. Tavita akazirukia swichi zote.

“Zote kwa mpigo?”

“Ala! Si sala imekwisha?”

Lupe akamdaka mkono. “Jokofu likiamka hula umeme mara tano ya kawaida, mzee. Washa moja kwanza.”

Tavita akawasha. Bati likatetemeka chini ya kiganja cha Lupe, kisha likatulia.

“La pili?” Tavita akanong’ona, kama bado wanasali.