Kichwa cha Jogoo

Jembe liligonga kitu kikalia kama sahani, na Stergios akajua yamemkuta tena.

Miaka tisa serikali ilikuwa imemkataza kumjengea binti yake nyumba kwenye kiwanja chake mwenyewe, maana kila alipochimba uliibuka ukuta wa mji wa kale. Leo ndiyo kwanza mwanaakiolojia ametia saini kwamba kona hii haina kitu. Bado yuko pale barabarani, anapakia vyombo vyake garini.

Na Stergios hakuwa anatafuta makuu. Alichimba kishimo cha kuzikia kichwa cha jogoo, kama baba yake alivyofanya, ili msingi ushike.

"Nini tena?" aliuliza mkewe. Jogoo alikwisha kuchinjwa, na damu ilimchuruzika mama wa watu hadi kwenye kiwiko.

"Balaa."

"Fukia! Fukia upesi! Binti yako akiolewa akakae wapi, makumbusho?"

Stergios alipiga magoti, akafuta udongo kwa kidole gumba huku akiwalaani wafu wote wa mji ule. Lilikuwa bakuli la udongo, limefunikwa kwa bakuli jingine. Akalifunua.

Ndani mlikuwa na fuvu dogo, lenye mdomo wa jogoo.

Alilitazama, akaacha kulaani.

"Kumbe na huyu alikuwa anajenga," alisema.

Kule barabarani gari likawashwa.

"Stergios, fukia!"

Alinyoosha mkono, akapokea kwa mkewe kile kichwa kingali na joto, akakilaza bakulini kando ya mwenzake, akafunika.