Nembo ya Mchimba Kisima

Mwanamke mgeni aliingia karakanani bila hodi, akaweka ubao wa kaburi mbele ya Fundi Mbaruku.

"Nichongee nembo ya mwanangu."

Fundi akacheka. "Mama, nembo ni za majumba makubwa. Mwanao alikuwa na simba, au upanga?"

"Alikuwa na ndoo na kamba. Alikuwa akichimba kisima cha Liwali. Udongo ulipoporomoka, alimsukuma mwenzake juu kwanza. Basi weka na kiganja."

Kicheko kikamkauka fundi. "Njoo Ijumaa, mama. Utaukuta tayari."

Alhamisi mjumbe wa Liwali alikuja kukagua mlango wa bwana wake, wenye nembo ya simba, ambao fundi alikuwa akiuchonga kwa miezi minane. Akauona ule ubao.

"Mchimbaji naye ana nembo, kama bwana wangu? Ukiumaliza huo, fundi, katika mji huu hutachonga tena."

Fundi alimtazama simba wa mlangoni, aliyekuwa bado hana macho. Kisha akaokota patasi ndogo, akauvuta ubao magotini.

Ijumaa mama alikuta karakana tupu, hata benchi halipo. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani: ndoo, kamba, na kiganja kilicho wazi, kimechongwa hadi mistari yake, kikisukuma juu.