Ruhusa ya Mzee Ngiri

Paa! Usiku wa kuamkia mashindano ya magari, dereva mkongwe Ngiri alibamiza boneti. "Bosi, hiki kitoto kikinipita, nahama timu!"

Bosi Kiboko alitamani kombe, ila kelele aliziogopa zaidi. Akamwonya Digidigi, dereva mpya: "Usimpite mzee, hata iweje."

Kesho yake Ngiri, akiongoza, alinasa kwenye tope. Digidigi akafika, akasimama nyuma yake kwa adabu.

"Bosi, nipite?" akauliza redioni.

"Ngoja kwanza nimwombe mzee ruhusa," alijibu Kiboko, jasho likimtiririka.

Nyuma yao likanguruma gari la Fisi, mpinzani wao. Ngiri akalitazama kwenye kioo. Msimu mzima alikuwa akisema "hiki kitoto" tu. Sasa akapaza sauti:

"Pita, ndugu yangu! Pita, Digidigi!"