Nafasi ya Kuitikia

"Huu ukimya tuukate, mwalimu," alisema Lameki, fundi aliyekuwa akimfundisha Mwalimu Sikitu kurekodi masomo ya video.

"Uache hivyo hivyo. Hapo nimewajulia hali watoto, lazima waitikie."

Lameki akacheka, akauacha.

Siku somo la mwisho lilipokamilika, mkuu wa shule alimshukuru Sikitu sana, kisha akampa barua. Masomo yapo, mwalimu hahitajiki tena.

Akiondoka, alipita karibu na dirisha la darasa lake. Ndani, sura yake ilijaa kwenye skrini ukutani.

"Hamjambo?" ikauliza, ikanyamaza.

Watoto walikuwa wamesimama wima. "Hatujambo, mwalimuuu!"

"Kaeni."

Madawati yakakwaruza sakafu, wakakaa wote. Nje, Sikitu alibaki amesimama.